Risala ya Akina Mama wa Wanajeshi, Tarime, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, waheshimiwa madiwani, viongozi wa dini, mabibi na mabwana,

Karibu sana. Tunajua ratiba yako imebana, na kufika kwako kumewapa heshima kubwa mama zetu, ambao wameketi hapa tangu saa mbili asubuhi wakikusubiri.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2011 na wanachama 9. Leo tuko 34, kila mmoja amezaa au amelea askari wa JWTZ. Tumepiga hatua kubwa: tuna viti 40, turubai, na mfuko wa kufa na kuzikana unaosaidia hadi majirani.

Mheshimiwa, tuje kwenye jambo lenyewe. Idi Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, Mwalimu alisema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Bibi hawa watano walioketi mbele yako walitoa watoto wao. Hawakurudi. Wamelala Kaboya, Muleba, pamoja na wenzao zaidi ya 600. Askari wetu waliouawa Semuliki, Kongo, Desemba 2017 waliletwa nyumbani wakazikwa. Bibi hawa walianua matanga bila kaburi, na hadi leo hawajaliona. Mmoja ametunza udongo wa uani kwake ndani ya kopo, aje aumwage pale alipolala mwanawe.

Tunaomba basi moja, kwenda Kaboya na kurudi, Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai.

Ombi hili si geni. Mwaka 2016 mgeni rasmi wetu aliahidi. Tulipika chakula cha njiani, tukakesha na wazee nje ya ofisi ya kata. Basi halikuja, simu haikupokelewa. Mwaka 2021 mwingine aliahidi, kisha tukaambiwa foleni ya kivuko cha Busisi ingewachosha wazee. Tulielewa. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi liko wazi, magari yanapita.

Wakati wa ahadi ile ya kwanza, bibi hawa walikuwa 11.

Tumechanga shilingi 640,000 za chakula na malazi. Sababu tunayo, nia tunayo. Uwezo wa gari na mafuta ndio tunaokuomba. Na kwa heshima zote, Mheshimiwa, tunaomba jibu litolewe leo, wenyewe wakisikia, hata kama ni la kukataa. Mdogo wao ana miaka 86.

Naomba kuwasilisha.

Katibu wa kikundi