Na vita ya Tabora munaiacha wapi?

Bwana Mhariri,

Jambo kwenu bote. Nilisoma ile ukurasa yenu juu ya vita zenye ziligeuza dunia, Waterloo, Verdun, Stalingrad, na mambo iliandikwa muzuri, sikatae, lakini nilitafuta mpaka chini vita hata moja yenye Bakongomani balipigana, hakuna. Gazeti inauzishwa hapa Lubumbashi, batoto yetu njo banaisoma, na banabaki na mawazo kama istoria inatengenezwaka paka kule Ulaya. Ile inaniumiza kabisa.

Tabora, mu Tanzania ya leo, yenye ilikuwa ya Bajeremani, mu Vita ya Kwanza ya Dunia, tarehe 19 mwezi wa tisa 1916. Force Publique, jeshi ya Kongo ya Babeleji, ilikuwa imetoka Kivu na Tanganyika, jenerali Tombeur njo aliiongoza, ikapita Kigali mu mwezi wa tano, Kigoma mu mwezi wa saba, kisha ikapigana siku mingi kuzunguka Tabora mpaka Bajeremani bakaacha muji usiku. Bakubwa balikuwa Babeleji, ni kweli, lakini baaskari ni Bakongomani. Na Tabora haikuwa muji ya bure, serikali ya Bajeremani ilikuwa imehamia pale, na reli ya kutoka Dar es Salaam kwenda Kigoma inapita pale pale. Kisha pale babakia kukimbia kusini, mu pori, mpaka 1918.

Matokeo sasa. Mwaka 1919 Babeleji na Baingereza bakakaa ku meza, Ubelgiji ikapata Rwanda na Burundi, na mu ile miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba, yenye ilikuwa inakosa mikono mu mines, ikaanza kutafuta batumishi kule na kubaleta huku Katanga. Kuko famille mu hii muji yetu zenye zilifika juu ya Tabora. Waterloo haikuleta mutu hata mumoja huku.

Na vita yenyewe ilipita mu nyumba yetu! 1915 Baingereza balileta mashua mbili za vita, majina yao «Mimi» na «Toutou», kwa reli kutoka Cape Town, zikapita hapa Elisabethville (jina ya zamani ya Lubumbashi) mpaka Fungurume, pale reli ilikuwa inaishia. Kutoka pale ni milima ya Mitumba. Bakakata miti, bakajenga madaraja, ng'ombe na mashini za kuni zikavuta, na maji ikikosekana kwa zile mashini ni bamama ba mu mavillage njo balichota na kubeba ku kichwa. Bukama, muto Lualaba, Kabalo, tena reli, mpaka ku ziwa penye leo ni Kalemie. Tarehe 26 mwezi wa kumi na mbili zikakamata mashua ya Bajeremani, Kingani, na mwezi wa pili 1916 zikazamisha Hedwig von Wissmann. Bila ile, kuvuka ziwa Tanganyika ingekuwa ngumu sana. Vitabu vinamusifu komanda Spicer-Simson, Mwingereza mwenye aliongoza zile mashua, kila siku, bale bamama hapana.

Hapa njo nafika ku jambo yenyewe yenye nilitaka kusema. Mukiandika vita, munaandika paka jenerali na tarehe. Lakini mu ile vita ya 1914 mpaka 1918 bapagazi ba Kongo balipita 200,000, mutu anabeba kilo 25 ao zaidi, siku kwa siku, na bengi balikufa na njaa, baridi ya milima, na kuharisha damu. Risasi bila mupagazi haifike, chakula haifike, na jenerali anabaki ku mupaka. Tombeur alipewa cheo ya baron na jina ya Tabora ikaungwa ku jina yake. Mupagazi wa Kalemie ao wa Uvira alipewa nini?

Basi ombi yangu. Mufungue ukurasa moja, hata mara moja kwa mwezi, famille zilete majina ya bababu benye balienda Tabora, Mahenge, na hata Saio kule Ethiopia mwaka 1941, penye jeshi yetu ilifanya Baitaliani basalimie amri. Mu komine za Kamalondo, Katuba na hapa kwetu Kenya kuko bazee benye bangali na zile habari, bengine bana picha na medali mu kisanduku. Bamwalimu ba istoria batusaidie kuchunguza zenye ni kweli. Mi mwenyewe niko tayari kuzunguka ku manyumba na kuandika, munipatie tu siku ya mwisho ya kuleta ile kazi ku ofisi yenu.

Musomaji wenu,
Komine ya Kenya, Lubumbashi