Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa halmashauri yetu

YAH: TOVUTI INAYOZIMIKA MVUA IKINYESHA

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nina duka la steshenari jirani na stendi, hapa mkoani Dodoma. Natoa kopi, nachapa barua, na mvua zikikolea napata kazi nyingine isiyo na malipo: kuulizwa kama barabara inapitika.

Siku korongo lilipojaa alikuja mama mmoja mwenye matenga matano ya nyanya ya kupeleka Morogoro. Kwenye simu yake alikuwa ametumiwa picha ya barabara iliyokatika, lami inaning'inia. Nikaitambua. Ni Kiyegeya, kule Gairo, maji yaliposomba daraja Machi 2020. Nikamwambia, mama, hii ni ya zamani. Akaniuliza, "Haya, ya leo iko wapi?"

Nikafungua tovuti ya halmashauri. Zikaanza kushuka picha za kukata utepe, moja baada ya nyingine, na mtandao umebaki herufi E. Bando la jero likakata. Nikaweka lingine. Tangazo la barabara lilikuwepo, sikatai: barua iliyoskaniwa pamoja na muhuri na saini, megabaiti sita. Ilipofunguka ilikuwa ya juzi, na haikutaja saa. Muda si mrefu umeme ukakatika mjini, na tovuti nayo ikazimika. Hapo nikahisi nimeshajua seva yenu, ile kompyuta inayobeba tovuti, imewekwa chumba gani.

Mama alilala stendi. Asubuhi matenga mawili yalikuwa yanavuja maji.

Ninachoomba hakihitaji mradi, wala semina. Tengenezeni ukurasa mmoja wa maandishi matupu: barabara ipi inapitika, ipi imefungwa, zahanati ipi inafikika, namba ya kupiga. Ukurasa wa namna hiyo hauzidi kilobaiti 20. Ile barua yenu ni mara 300 yake. Juu kabisa iandikwe tarehe na saa, hata kama hakuna jipya. "Saa 4 asubuhi, maji hayajapungua" ni habari tosha kwa mwenye nyanya.

Nakala ya ukurasa huo ikae kwenye seva ya mkoa mwingine, lakini humu humu nchini. Mei 2024 nyaya za baharini zilipokatika tuliona wenyewe jinsi tovuti zilizowekwa kwenye seva za nje ya nchi zilivyosuasua.

Halafu suala la nywila, yaani neno la siri la kuingia kuandika kwenye tovuti. Mvua zetu hukolea Desemba, na Desemba ndiyo likizo. Afisa TEHAMA akiwa kwao kula Krismasi, nani mwingine anaweza kuandika mstari mmoja? Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Mtendaji wa kijiji ndiye anayeliona korongo kwa macho yake. Apewe namba ya kutuma meseji, na ofisini awepo wa zamu wa kuipandisha bila kusubiri saini tatu.

Jaribuni mapema, Oktoba, jua likiwa kali: zimeni umeme wa ofisi, kisha mfungue tovuti kwa simu ya bei rahisi mkiwa nje ya mji.

Mkiuweka ukurasa huo, nitauchapa kila asubuhi na kuubandika mlangoni kwangu kwa wasio na simu. Karatasi na wino juu yangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwenye duka la steshenari, stendi