Gati la Nyamisati sawa, ila wavuvi wa delta bado tunashukia kwenye matope

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nisemee shida yetu wavuvi wa delta ya Rufiji, maana kila anayeongelea huu mto siku hizi anaongelea umeme wa Bwawa la Nyerere au mikoko, na ni sawa kabisa, ila huku chini mto unapokutana na bahari kuna vijiji ambavyo unaingia na kutoka kwa boti au mtumbwi tu.

Gati la Nyamisati lilipojengwa tulifurahi na abiria wa kisiwa cha Mafia limewasaidia kwelikweli, hilo silipingi. Lakini ingia ndani huko, Salale, Maparoni, Mbuchi, Msala, sehemu nyingi diko, yaani pale boti zinaposhushia watu na mzigo, ni ukingo wa matope basi. Wakati wa bamvua, zile siku maji yanajaa na kupwa kuliko kawaida, yanapanda na kushuka kama mita tatu hivi, yakijaa boti inafika mpaka kwenye mikoko, yakishakupwa inakwama mbali huko na hapo ndo kazi inapoanza. Mtu anashuka na tenga la kamba wa kuvua (kambamiti) kichwani, matope mpaka magotini, na mizizi ya mikoko imeganda chaza wenye makali, ukikanyaga vibaya mguu unachanika. Mama mjamzito anayewahishwa hospitali naye anapita hapohapo, anabebwa.

Na kamba hawana subira. Mvuvi katoka usiku na barafu yake kidogo, anarudi anakuta maji yamekupwa, anakaa kwenye boti masaa manne matano juani anasubiri yajae, barafu inayeyuka, vichwa vya kamba vinaanza kuwa vyeusi na kulegea, alafu mnunuzi wa Dar akifika anashika kichwa kimoja tu, bei chini, na huna la kumjibu. Ushuru unaulipa palepale kwenye diko lisilo hata na ngazi.

Tunachoomba sio gati kubwa la zege. Gati la nguzo ndefu linafaa maji yakijaa, yakipwa boti iko chini huko na watu wanakwea kama wanakwea mnazi. Tunataka magati madogo ya kuelea, yanapanda na kushuka na maji, yameunganishwa na daraja jepesi mpaka nchi kavu, na yawekwe penye mkondo unaobaki na kina hata maji yakipwa kabisa. Huu mto unahama, ulipopita na boti mwaka juzi leo ni fungu la mchanga, kwahiyo wataalamu kabla ya kupima wapande boti na manahodha wetu, tena waje siku ya bamvua maji yamekupwa, sio waje yamejaa wapige picha waondoke. Hata Waingereza mwaka 1915 walipotaka kuizamisha Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha humuhumu deltani ilibidi walete Severn na Mersey, manowari za kupita maji mafupi, kwasababu zile kubwa zao hazikuweza kuingia. Walioleta vita waliupima mto kwanza, wanaoleta maendeleo washindwe?

Kama hela ni ndogo waanze na madiko mawili matatu, yale yanayoshusha kamba wengi na yanayopitisha wagonjwa, na nguvu kazi ya kujenga na kutunza sisi wenyewe tutatoa.

Mvuvi,
Kibiti, Pwani