Mwanangu ana ADHD na khofu: dawa ya moja inaamsha nyengine

Mshauri wetu wa malezi, assalaam alaykum.

Nakuandikia kutoka Wete kuhusu mwanangu wa kiume, miaka tisa, darasa la tatu. Daktari amemkuta na mambo mawili kwa pamoja: ADHD, yaani shida ya kutulia na kuweka akili pahala pamoja, na khofu iliyopita kiasi. Hakukurupuka. Kwanza alipima macho, masikio na damu, maana mtoto asiyesikia vizuri au aliyepungukiwa na damu naye huonekana hasikilizi. Halafu fomu zikajazwa na sisi nyumbani na mwalimu wa skuli, kila mmoja kivyake, kwa sababu dalili za ADHD lazima zionekane sehemu mbili au zaidi, ziwe zimeanza kabla ya miaka 12 na zimedumu si chini ya miezi 6. Kwa hiyo kama kweli anaumwa, hilo kwetu limekwisha. Ninachouliza ni kingine. Kila ninachofanya kuutuliza utukutu kinaamsha khofu, na kila ninachofanya kuituliza khofu kinaurudisha utukutu.

Chukua mfano wa saa. Mtoto wa ADHD hahisi wakati ukipita, kwa hiyo tunaambiwa tumuwekee wakati mbele ya macho. Asubuhi simu inalia kila baada ya dakika 10: kukoga, kuvaa, chai, mkoba. Kwa skuli inafaa sana. Mchana, simu hiyo hiyo ikilia saa nane ajitayarishe kwenda chuoni kusoma Kurani, anasimama wima katikati ya ukumbi, kanzu imeingia mkono mmoja, anatafuna ukingo wa kofia mpaka uzi unatoka. Ukimtazama kwa mbali utasema amesahau alichokuwa akifanya. Ukimshika mkono ni wa baridi na moyo unamwenda mbio. Aliyesahau anataka kukumbushwa upesi kwa maneno machache. Aliyeogopa akiharakishwa huzidi kuganda. Nina kama dakika mbili za kujua ni yupi aliye mbele yangu, na mara nyingi nakosea.

Yaliyokwisha kukaa sawa nisikuchoshe nayo sana. Namwambia jambo moja kwa wakati mmoja, namgusa bega kwanza, maneno hayazidi saba, kisha ananirudishia mwenyewe nilichosema. Kuna kopo la komwe za bao: akimaliza jambo bila ya kukumbushwa mara ya pili anatia komwe moja, zikifika 10 anapanda baiskeli na baba yake mpaka bandarini. Mwanzo tuliweka 40, malipo mwisho wa wiki. Hakufika siku ya tatu, kwani kwa mtoto wa namna hii malipo ya mbali ni kama hayapo. Tulikuwa pia tukimtoa komwe akikosea. Hilo tuliliacha mara moja, maana alianza kuamka usiku kuzihesabu.

Mzigo wenyewe uko chuoni. Watoto wa kila umri wamo chumba kimoja, kila mmoja anasoma yake kwa sauti, na huitwa mbele mmoja mmoja kusikilizwa. Kwa mtoto ambaye kila sauti inamvuta, ni sawa na kusoma katikati ya soko. Anapoteza mstari, akiupoteza anaogopa, akiogopa hata Alhamdu anayoisoma nyumbani bila ya kosa inamtoka. Bakora ikifuata, kesho yake tumbo linamkata kuanzia saa saba. Maumivu yale ni ya kweli, hajifanyi. Ila Ijumaa, chuo kikifungwa, tumbo haliumi.

Tumemtengenezea ngazi. Kwanza kwenda nami mpaka mlangoni na kurudi. Kisha kukaa kitako barazani dakika 10, halafu kuingia na kukaa karibu na mlango, halafu kusoma pamoja na kundi, na mwisho kusoma aya moja peke yake mbele ya maalim. Kila kipandio anapima khofu yake kwa vidole, kutoka kimoja mpaka kumi, na hatuondoki mpaka vidole vimepungua kufika nusu. Hapo ndipo penye siri yote: akiondoka khofu ikiwa juu, akili inajifunza kuwa kukimbia ndiko kulikomuokoa, na kesho inataka akimbie mapema zaidi. Alifika kipandio cha tatu. Siku moja akaitwa mbele kabla ya wakati, akakosa, akachapwa, na sasa hata barazani hakai.

Jengine ni suali lake: "Mama, leo maalim hatonipiga?" Huliuliza mara 10 au 12 kati ya chakula na kutoka. Najua kwamba mtoto mwenye khofu ukimjibu kila mara unailisha ile khofu, kwa hiyo najibu mara moja tu. Lakini huyu pia husahau kikweli kweli! Pengine jibu limempotea kama inavyompotea kalamu. Nimeliandika jibu kwenye kikadi, nikakifunga kwa uzi kwenye zipu ya mkoba, akiuliza namuonesha mkoba. Kimesaidia kidogo.

Kuna jambo moja limenipa matumaini. Msimu wa karafuu, usiku tunapokaa mkekani kuchambua, anatenga karafuu na makonyo saa nzima bila ya kunyanyuka, na huku anasikiliza kila linalosemwa na anaweza kulirudia. Mikono ikiwa na kazi, masikio yanafunguka. Ndiyo nikafikiri ashike tasbihi ndogo mkononi wakati wa kusoma. Maalim ameona ni mchezo.

Nyumbani nako hatujakubaliana. Baba yake anataka aachishwe chuo mpaka mwakani. Mimi naona hapo khofu itakuwa imeshinda na kurudi kutakuwa kugumu zaidi. Bibi yake aliposikia neno wasiwasi alifahamu ule wa shetani tunaojikinga nao kwa Qul-audhu, akataka mtoto anyweshwe kombe, yaani maji yaliyooshea aya zilizoandikwa. Dua hatuiachi, lakini tangu siku ile nyumbani tunasema khofu, hatusemi wasiwasi.

Tena kuna suala la dawa. Daktari ametaja methilfenideti, dawa ya ADHD. Ile ya muda mfupi hufanya kazi kiasi cha saa 4: akimeza saa moja asubuhi, saa tano imekwisha, na chuo kinaanza saa nane u nusu. Kidonge cha pili baada ya chakula cha mchana kingemfikisha, lakini dawa hii hukata hamu ya kula, ikimezwa kwa kuchelewa huondoa usingizi, na mwenyewe ni mwembamba. Uzito, urefu, mapigo ya moyo na presha lazima vipimwe kabla ya kuanza na kufuatiliwa baadaye. Khofu nayo, kwa watoto wengine hupungua wakianza dawa, kwa wengine huzidi.

Naomba unishauri haya. Pale ukumbini, kuna njia gani ya kutambua upesi aliyesahau na aliyeogopa, zaidi ya kumshika mkono? Ngazi ikishavunjwa na bakora, nianze chini kabisa au kipandio kimoja nyuma? Nimwendee vipi maalim, mtu mzima ninayemheshimu na aliyenisomesha mimi mwenyewe, nimuombe mambo mawili tu, tasbihi na kutomuita mbele kwa wiki 6, bila ya kuonekana namfundisha kazi? Na kama tutaanza dawa, ni busara kuanza na kidonge cha asubuhi peke yake tukaiangalia khofu kwanza, ndipo tumuulize daktari kuhusu cha mchana?

Chuo kimefungwa kwa sasa na kitafunguliwa baada ya wiki tatu. Nikipata jibu kabla ya hapo, nitapata nafasi ya kumpeleka barazani wakati pako kimya, hakuna sauti wala bakora.

Mama wa mtoto,
Wete, Pemba