Barua kwa Mwanaidi, kabla hajanunua mashine ya vikombe

Dar es Salaam,
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Baba Nasra. Watoto wanakuamkia, na Nasra anauliza lini utaleta zile embe za Muheza ulizomwahidi. Sisi hatujambo, alhamdulillahi, ila joto la mwezi huu limetushika pabaya.

Ile sauti yako ya jana nimeisikiliza mara tatu. Nikaona nikikujibu kwa sauti nitasahau nusu, kwa hiyo nimekaa nikuandikie. Chemsha kahawa yako kabisa, maana hii itakuwa ndefu.

Umeniambia muuza mashine amekuonyesha video, vikombe vinamiminika, 80 kwa dakika, na wewe moyo umeshahamia huko. Sikukatazi. Biashara ya chai hapo stendi unaijua kuliko mimi, na vikombe vya karatasi vinakwenda. Lakini mwenzangu, mimi niko mwaka wa nne nyuma ya mashine hiyo hiyo, na hesabu ya dakika ni jambo la mwisho ningeuliza. La kwanza ningeuliza: vikombe hivyo ukivitia chai ya moto adhana ya magharibi, isha itakapoadhiniwa meza itakuwa kavu?

Hebu chukua kikombe cha karatasi hapo kibandani kwako, kigeuze kichwa chini. Utaona kitako hakiko mwisho kabisa, kimepanda ndani kidogo, na pembeni yake kuna mkunjo mnene unaozunguka. Mkunjo huo ndio unaonipa mimi mshahara. Kitako hukatwa mviringo kutoka kwenye roli ya karatasi, kikasukumwa kwenye kalibu, kingo zake zikalazwa kuelekea chini, kikawa kama kifuniko cha sufuria ndogo. Ukuta unazungushwa kwa nje yake. Kisha ncha ya chini ya ukuta inapindwa kuingia ndani, inaukumbatia ule ukingo wa kitako, sawa na fundi cherehani anavyopinda upindo wa gauni. Ila pale hakuna uzi, na hakuna tone la gundi.

Kinachoshika ni plastiki. Pitisha kidole ndani ya kikombe, utahisi panateleza, panang'aa. Ni utando mwembamba sana wa poliethilini uliopakwa juu ya karatasi tangu huko ilikotengenezwa. Kikombe cha chai kina utando upande wa ndani tu. Cha juisi ya barafu kinapakwa pande zote mbili, maana baridi inatoa jasho nje. Ukivuma hewa ya moto kwenye mkunjo, utando unalainika, unakuwa kama nta, halafu gurudumu dogo lenye meno linaingia ndani ya kitako na kuukandamiza mkunjo ukutani. Ukipoa umeshikana. Zile alama za mistari mistari unazoziona kwa chini si urembo, ni meno ya gurudumu.

Usiache mtu akwambie kwamba unauza karatasi tupu. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku kwetu tarehe 1 Juni 2019, wateja wanakuja wanasema "nipe vya karatasi, sitaki plastiki." Nakaa kimya, nauza. Lakini wewe ni rafiki yangu: bila ile plastiki hewa ya moto isingekuwa na cha kuyeyusha, na chai ingekupitia vidoleni kabla hujarudisha chenji.

Sasa utaniuliza kwa nini hewa, kwa nini wasibandike chuma cha moto wakamaliza. Unakumbuka lile gauni la nailoni la dada yako, tuliloliazima siku ya Iddi tukalipiga pasi ya mkaa? Kipande kilibaki kwenye pasi, sisi tukabaki na tundu. Plastiki iliyoyeyuka inapenda chuma. Hewa haigandi na kitu, na inazunguka mduara wote wa kitako kwa mara moja. Ubavuni mwa kikombe, kwenye mashine yetu, wanaunganisha kwa ultrasoniki, mtikisiko wa kasi ambayo sikio halisikii. Kitako tunakiachia hewa.

Poliethilini ya namna hii huyeyuka kwenye nyuzi 105 hadi 115 hivi za Selsiasi. Hita yetu, ile inayopasha hiyo hewa, tunaiweka juu ya 300. Nilipoanza kazi niliona ni wazimu, kumbe ni suala la muda. Kwa vikombe 60 kwa dakika, kila kikombe kina sekunde moja tu kwenye kila kituo, na ndani ya sekunde hiyo meza ya mashine inazunguka, inasimama, nozeli, yaani bomba la kupulizia hewa, inaingia, inavuma, inatoka. Ni kama kupitisha mkono juu ya moto wa kuni: ukipita haraka huungui. Kwa hiyo akikwambia mashine inafika 80, muulize na joto linapanda kiasi gani ikifika huko, na hita ina nguvu ya kulifuata? Nyingi hazina. Ukiongeza mwendo, kitako kinatoka kibichi.

Nikupe kisa changu ambacho sikukusimulia, kwa aibu.

Mwaka juzi tulipata oda ya harusi, vikombe vingi, vinatakiwa asubuhi. Nikapewa zamu ya jioni. Jioni mtaani kwetu kila mtu anawasha pasi, jiko, friji, na umeme unalegea. Taa ilikuwa imefifia kidogo, nikaiona, nikapuuza. Mashine yetu ya wakati ule ilikuwa ya kitufe tu, unazungusha moja mpaka kumi, haina cha kukuonyesha hewa yenyewe ina joto gani. Nami kitufe nilikiacha pale pale nilipokikuta. Vikombe vikatoka vizuri, vimesimama, mdomo umekunjika mviringo safi. Nikapanga, nikafunga, nikaenda kulala.

Kesho yake mchana simu inalia. Chai ya maziwa imemwagwa kwenye vitambaa vyeupe, mezani mwa wazee wa bwana harusi. Na hakimwagiki mara moja, shoga yangu, ndiyo balaa lake! Unakijaza, kinatulia, watu wanasoma dua, kisha taratibu duara la rangi ya chai linajichora chini ya kikombe. Mzee mmoja aliinua chake akamwagikiwa kwenye kanzu. Tajiri wangu alirudisha pesa yote, na mimi nilikatwa.

Fundi wetu wa umeme ndiye aliyenifungua macho. Hita, aliniambia, nguvu yake haishuki sawa na umeme, inashuka karibu mara mbili yake. Volti zikitoka 230 zikaenda 200, wewe unaona zimepungua kidogo tu, lakini hita imepoteza karibu robo nzima ya nguvu yake. Robo! Mota inaendelea kuzunguka kama kawaida, vikombe vinatoka kwa hesabu ile ile, ila hewa imekuwa vuguvugu. Siku hizi tuna stabilaiza, kifaa cha kutuliza umeme usipande na kushuka, na kuna kipimajoto kimewekwa kwenye mdomo wa nozeli. Hapo kwenu Tanga jioni unazijua mwenyewe. Bei ya stabilaiza iwe ndani ya bei ya mashine, usiiweke pembeni kama kitu cha kununua baadaye.

Na vile vikombe vya harusi vyote vilivujia mahali pamoja. Ubavuni mwa kikombe ukuta unapandana, tabaka mbili, si ndiyo? Mshono huo ukishuka mpaka kwenye kitako unakutana na mkunjo, tabaka zinaongezeka pale pale, karatasi inakuwa nene na hewa inachelewa kuipenya. Kwingine kote kumeiva, pale ni pabichi. Zaidi ya hapo, fikiria zile nyuso zinavyogusana. Nje ya ukingo wa kitako ni plastiki, ndani ya ukuta ni plastiki, hizo zinashikana kama ndugu. Lakini ncha ya ukuta iliyopindwa kuingia ndani inalalia upande wa kitako usiopakwa kitu. Hapo plastiki inashika karatasi tupu, na inahitaji joto la kutosha na kukandamizwa kwa nguvu ili iingie kwenye nyuzi za karatasi.

Ndiyo maana sikuhizi sikiamini kikombe kwa sura. Kila baada ya muda nachukua viwili. Cha kwanza nakitia spiriti niliyoichanganya na rangi nyekundu, nakiweka juu ya karatasi nyeupe, maana spiriti inapenya haraka kuliko chai. Cha pili nakichana. Nauingiza ukucha kwenye mkunjo, nakibandua kitako polepole. Kikichanika na manyoya ya karatasi, yaani karatasi imekubali kuchanika lakini plastiki imekataa kuachia, hicho kimeiva. Kikibanduka kisafi, pande zote zinang'aa kama hazijawahi kujuana, ni kibichi. Na kikiwa cha kahawia, kinavunjika kama mkate wa kumimina ulioungua chini, joto limezidi, na kina harufu ambayo mnywaji wa kahawa atakuuliza.

Kitu kingine cha kwetu pwani ni unyevu. Karatasi inakunywa maji ya hewani. Ukiacha roli wazi msimu wa masika, yale maji yakipigwa na hewa ya moto yanageuka mvuke, mvuke unatafuta pa kutokea, unainua plastiki, unapata malengelenge madogo na vitundu vya sindano. Roli zetu zinakaa zimefungwa nailoni mpaka dakika ya kupandishwa. Yule anayekuuzia akija kukuonyesha, tazama alivyohifadhi karatasi zake, utajua yeye ni mtu wa namna gani.

Na hita isizimwe kwa pupa. Unashusha joto kwanza, blowa, ile feni inayosukuma hewa, inaendelea kuvuma mpaka waya wa ndani upoe, ndipo unazima. Umeme ukikatika ghafla hewa inasimama na waya bado ni mwekundu, unaungua. Weka hita moja ya akiba kabatini. Na chujio la blowa lipulizwe kila siku, kwa sababu vumbi la karatasi linaziba, hewa inapungua, na waya unaungua vile vile hata kama umeme haujakatika.

Juzi nilikuwa namsomea Nasra kuhusu vikombe hivi, nikacheka peke yangu. Vilianzia Boston, Marekani, mwaka 1907 hivi, na mwanasheria anayeitwa Lawrence Luellen, kwa sababu watu walikuwa wanakunywa maji kwa kikombe kimoja stesheni na shuleni na kuambukizana. Jimbo la Kansas likapiga marufuku kikombe cha pamoja mwaka 1909. Nikakumbuka lile kopo letu la shule, lililofungwa kamba kwenye pipa, darasa zima tunapokezana, na wewe ulikuwa unanywea upande wa mpini ukidhani hakuna mwingine aliyewaza hivyo. Sote tulikuwa tunanywea upande huo.

Haya, sasa fanya hivi. Usimpe mtu hata senti ya kishika uchumba. Mwambie unataka vikombe kumi alivyovitoa mashine ikiwa kwenye kasi ile ile ya video, na vingine kumi alivyovitoa ikiwa imepunguzwa. Viandike kwa kalamu, visichanganyike. Usivitie chai wewe, wala usivibonyeze. Vitumbukize kwenye sufuria, uifunge kwa kanga, umpe kondakta wa basi la asubuhi, mimi nitaipokea stendi. Spiriti ninayo. Jibu utalipata siku hiyo hiyo kabla ya magharibi.

Sufuria iwe ile yako kubwa, kisha uiongezee embe.

Wako,
Mama Nasra