Risala ya Wanafunzi kwa Mgeni wa Heshima, Siku ya Mbio za Kuchangia Utafiti wa Saratani ya Damu

Mheshimiwa Mgeni wa Heshima, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na wakimbiaji wenzetu, hamjambo?

Karibu Msitu wa Karura, Mheshimiwa. Tunashukuru kwamba umeamka alfajiri na baridi hii ukaja kutupungia bendera. Wanafunzi unaowaona mbele yako wamefanya mazoezi humu tangu Julai, kila Jumamosi, wakiingilia lango la Barabara ya Kiambu na kurudi nyumbani soksi zikiwa nyekundu kwa vumbi. Leo watakimbia kilomita 10. Wazazi na wadogo zetu watatembea 5.

Chanzo cha mbio hizi ni mwalimu wetu wa jiografia, ambaye ameturuhusu tuyaseme haya. Miaka mitatu iliyopita alianza kuchoka. Ngazi za darasa la juu zikawa mlima kwake. Usiku jasho lilimlowesha shuka, nguo zikampwaya, na katika zahanati moja akapewa dawa za malaria mara tatu kabla ya mtu yeyote kuhesabu chembe zake za damu. Zilipohesabiwa, chembe nyeupe zilikuwa zimefurika. Ilikuwa lukemia sugu ya mieloidi, saratani ya damu inayoanzia kwenye uboho wa mifupa.

Tulidhani tutamzika. Lakini kila siku saa nne, kengele ya chai ikilia, utamkuta akimaliza mkate wake, anabandua kidonge kimoja kwenye pakiti, anakimeza kwa glasi nzima ya maji, kisha anabeba ramani zake na kuja kutufundisha.

Kidonge hicho kimetoka mbali. Mwaka 1960, mjini Philadelphia, Peter Nowell na David Hungerford waliona kromosomu, yaani uzi unaobeba maelekezo ya urithi ndani ya seli, iliyo fupi isivyo kawaida katika seli za wagonjwa wa aina hii. Mwaka 1973 Janet Rowley akaonyesha kwamba kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Ndiyo maana siku ya ugonjwa huu duniani ni tarehe 22 mwezi wa 9, nasi tukaichagua siku hiyo. Kubadilishana huko ndiko kunakozipa chembe nyeupe amri ya kuzaliana bila kikomo. Dawa ya kuizima amri hiyo, imatinibu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2001. Miaka 41, Mheshimiwa! Muda wote huo kuna watu waliolipia darubini, kemikali na mishahara, bila kujua ni nani atakayepona.

Tumeulizwa kwa nini pesa za leo zisilipe bili za wagonjwa. Swali hilo ni la haki, na harambee za bili wengi wetu tumezihudhuria. Ila harambee hulipia dawa iliyopo. Ambayo haijapatikana, nani ataigharimia?

Wala utafiti si kazi ya ng'ambo peke yake. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mjini Kampala, alieleza uvimbe uliokuwa ukiota kwenye taya za watoto. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini wakiuliza habari zake hospitali baada ya hospitali. Uvimbe huo, saratani iitwayo sasa limfoma ya Burkitt, bado huwapata watoto wa kandokando ya Ziwa Victoria, kule ambako malaria huwarudia mara kwa mara. Hao ni wadogo zetu kabisa.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. La kwanza, utusemee kwa shule jirani na kwa wafadhili unaowafahamu, ili mwakani tusikimbie peke yetu. La pili, nyuma ya hema lile kuna meza ya kutolea damu. Wagonjwa wengi wa saratani ya damu huhitaji chembe sahani, zile zinazoifanya damu igande, wakiwa katika matibabu, nazo zikishatolewa hukaa takriban siku 5 tu. Tunakuomba uwe wa kwanza kukunja mkono wa shati.

Mwalimu wetu amesimama pale, mstari wa mbele, mwenye kofia ya manjano. Atatembea zile 5, na ametuambia hatainua mguu mpaka uipunge bendera. Hii hapa, Mheshimiwa. Karibu.