Kabla ya Jumamosi ya kindi

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimeegesha lori hapa Indiana, nasubiri saa za kupumzika ziishe. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe husema "ndiyo baba, ndiyo baba" huku macho yako kwenye mchezo. Nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Ukikwama neno muulize mama yako, ingawa najua atakachokuambia: kwamba kindi ni panya aliyejifunza kupanda miti, na sufuria yake haitamwona mnyama huyo. Mwache aseme. Mwaka juzi alisema hivyo hivyo, halafu mchuzi akaufuta kwa ugali mpaka sahani ikang'aa.

Msimu wa kuwinda kindi unafunguliwa Jumamosi ya tatu ya Agosti, na wewe umeshatimiza miaka 12. Cheti cha mafunzo unacho, leseni ya vijana nimeilipia. Kwetu Kentucky kila mwindaji aliyezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1975 lazima asome kwanza, ndiyo maana mimi na ndevu zangu nilikaa darasani katikati ya watoto wa umri wako. Walinizidi maksi.

Sasa la bunduki. Wewe umeiona kwanza dukani, imepangwa nyuma ya kioo, ina bei. Mimi nilianza kuisikia kabla ya kuiona, usiku, kule Fizi, Kongo, nikiwa mkubwa kama wewe. Ni hiyo iliyotuvusha Ziwa Tanganyika mwaka 1996 tukaishia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania. Kwa hiyo yule mzee wa kazini aliponialika porini, nilikwenda kwa heshima tu, nikabeba chupa ya chai na kukaa mbali. Safari ya tatu ndipo nikakubali kuishika, na siku hiyo hiyo nikaharibu.

Kindi alikuwa kwenye tawi jembamba, juu kabisa, nyuma yake mbingu tupu. Mkononi nilikuwa na .22, bunduki ya risasi ndogo. Nikafyatua, nikamkosa. Mzee hakupaza sauti. Alinyoosha mkono, akaichukua bunduki, akatoa risasi zilizobaki moja moja akazitia mfukoni, akaanza kurudi kwenye gari. Njia nzima kimya. Tulipofika nyumbani ndipo akaniambia kuwa risasi ile, ndogo kama punje ya mhindi, inaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili. "Haya, niambie imeangukia kwa nani." Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Miezi miwili hakunialika tena, nami sikumlaumu, maana mimi ni mtoto wa mahali ambapo risasi zilituangukia na waliopiga hawakuuliza zimeangukia kwa nani.

Ndiyo sababu Jumamosi .22 itabaki nyumbani. Utatumia ile ya marisau, ya geji 20, inayokunjika katikati, yenye risasi moja tu kwa wakati. Marisau, vile vipunje vya risasi, hutawanyika na kuchoka mapema, na kwa kindi usijaribu kitu kilicho mbali zaidi ya mita 30. Utaijaza tukishaketi. Tukitembea iko tupu na imekunjwa, nami naona mwanga ukipita ndani ya mtutu. Kwenye uzio unanipa mimi kwanza, ndipo unavuka. Kidole kinakaa nje ya kifyatuo mpaka umeona kichwa cha kindi na mkia wake. Majani yanayotikisika si kindi. Yanaweza kuwa mtu aliyekuja kuchuma uyoga. Nikisema "acha", unaacha, hata kama kindi anakucheka usoni.

Hayo yakishatulia kichwani, mengine yote ni raha.

Mzee ameturuhusu kuingia shambani kwake upande wa Bardstown. Jua huchomoza karibu saa moja asubuhi siku hizi, kwa hiyo nataka tuwe tumekwisha kukaa kukiwa bado giza. Tutaketi chini ya miti ya hikori, ile yenye kokwa ngumu, kwa sababu mwezi huu kindi wote wako huko. Matunda ya mwaloni watayageukia baadaye. Kabla ya kuchagua mahali, angalia chini. Ukikuta maganda ya hikori yametafunwa vipande vipande, bado mabichi, ya kijani na yenye unyevu, basi mezani pao ndipo hapo. Yakiwa meusi na makavu, sherehe ilikwisha zamani, tunasogea.

Egemea mti mpana kuliko mabega yako. Halafu tulia. Wewe husema umetulia huku mguu unacheza. Kindi anauona mguu huo kutoka juu. Dakika ishirini za kwanza msitu huwa umenuna kwa sababu tumeingia kwa kishindo. Baadaye ndege wanaanza tena, kisha utasikia kitu kama mvua nyepesi, tika, tika, tika, ilhali mbingu ni safi. Hayo ni maganda yanayodondoka kutoka kinywani mwake. Usiinue kichwa ghafla. Inua macho tu.

Wa kijivu ndiye mwepesi, hupenda msitu mzito na huamka mapema. Yule mkubwa mwenye tumbo la rangi ya kutu hukaa zaidi pembeni, karibu na mashamba ya mahindi, na hana haraka ya asubuhi. Wote wawili wana ujanja mmoja: akikuona anazunguka shina na kukaa upande wa pili. Usimkimbilie. Mimi nitazunguka taratibu, naye atarudi upande wako akinikwepa mimi. Unalenga kichwa, ili asiteseke na nyama isiharibike. Ukipata mmoja, usiinuke kumchukua. Kumbuka alipoangukia, kaa. Wenzake hutoka tena. Sheria inakuruhusu sita kwa siku. Mimi sijawahi kufika sita, na wawili ni chakula tosha cha usiku.

Ukienda kumchukua, mwendee kwa nyuma na umguse jicho kwa kijiti kwanza. Meno yale hupasua hikori. Kidole chako si kitu.

Kuchuna nitakuonyesha, ila uanze kuwazia. Mloweshe kwanza, la sivyo manyoya yatashika kwenye nyama na hutayamaliza. Kata chini ya mkia, pitisha kisu kwenye mfupa wake bila kutoboa ngozi ya mgongo, kanyaga mkia, kisha vuta miguu ya nyuma kwenda juu. Ngozi inavuka kama shati. Suruali inafuata. Ukikuta funza mnene chini ya ngozi usipige kelele, Agosti ni mwezi wao, na nyama iko sawa. Ondoa sehemu hiyo. Wazee wengine husubiri baridi ya kwanza kwa sababu ya funza hao. Ubongo tunautupa. Mwaka 1997 madaktari wa Kentucky hiyo hiyo waliandika juu ya wagonjwa wa ubongo waliokuwa na desturi ya kuula. Haikuthibitishwa kuwa ndicho chanzo, lakini sihitaji ushahidi zaidi kuacha kijiko kimoja cha ubongo.

Kule Fizi kindi tulimwita mwizi. Alikuwa anakula ngazi, yaani matunda, za michikichi ya babu yako, na sisi tulimfukuza kwa manati tusimpate. Babu angefurahi sana kujua kuna nchi watu wanalipia leseni kwa ajili yake.

Nafika Ijumaa saa nne usiku. Nikute umelala. Suruali ndefu, uichomeke ndani ya soksi, maana kupe wa Agosti hawana adabu. Simu inabaki kwa mama. Na muombe atusagie karafuu na pilipili manga, bila kumwambia ni za nini.

Baba yako